Alaye akisema "karibu", asema nini?

MUHULA uliopita niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu swali ambalo nilidhani ni la kuchangamsha darasa tu kabla ya kuingia katika somo lenyewe la pragmatiki. Ukimpita mtu anakula, naye akakwambia "karibu", amekwambia nini? Wengi walijibu kama kamusi zinavyojibu, kwamba amekualika. Msichana mmoja wa Lamu, aliyekuwa ameketi nyuma kabisa, akasema: "Amekwambia useme ahsante, upite."

Darasa zima liliangua kicheko. Nami nilicheka, kisha nikamsifu, kwani kwa kipimo cha taaluma yetu jibu lake ndilo lililokuwa bora. Lakini nilipokuwa nikirudi ofisini nilijihisi nimekereka, na ilinichukua kitambo kutambua kwamba jibu lile lilikuwa langu mwenyewe. Nililiandika katika tasnifu yangu ya uzamifu, pengine kwa maneno marefu zaidi, na watahini wakalipitisha bila ya swali. Sura ile niliiandika katika mji wa Napoli, nchini Italia, majuma machache kabla sijajua njaa ni kitu gani. Nilipoijua, sura sikuibadilisha.

Naomba msomaji anivumilie nianze mbali kidogo. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, na mtu wa Malindi aghalabu hukutana na Kiitaliano kabla hajakutana na Kiingereza sawasawa. Waitaliano walifika kwetu katika miaka ya sitini kwa ajili ya kituo cha kurushia setilaiti huko Ngomeni, kaskazini mwa mji, ambako ndiko ilikorushwa ile iliyoitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Baada ya wahandisi wakaja watalii, na baada ya watalii wakaja wenye majumba na mikahawa. Sisi watoto tuliiokota lugha yao ufukoni, kipande hiki na kipande kile. Kilikuwa Kiitaliano cha nafsi moja tu, "tu", yaani "wewe": wewe njoo, wewe tazama, wewe nunua. Kilitutosha, kwa sababu hatukuwa na haja ya kumheshimu mtu kwacho.

Mnamo Oktoba 2008 nilipata ufadhili wa miezi tisa kwenda Napoli kulinganisha lugha ya adabu ya Waswahili na ya Waitaliano wa kusini. Chuo nilichokwenda huitwa L'Orientale. Asili yake ni shule iliyoanzishwa mwaka 1732 na Matteo Ripa, mmishonari aliyerejea kutoka Uchina na vijana wachache wa Kichina. Kiswahili kimefundishwa hapo kwa miaka mingi. Ndiko alikofundisha Elena Bertoncini Zúbková, ambaye kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu fasihi ya Kiswahili walimu wengi wa somo hilo wanakijua. Sikwenda basi kwa watu wasiotujua. Hata hivyo, ninayoyakumbuka zaidi ya mwaka ule sikuyapata maktabani wala ukumbini.

Kulikuwa na bwalo la wanafunzi, na chakula chake kilikuwa rahisi. Nilikula huko kwa juma moja nikaona kwamba wageni sote, Mkenya, Mhindi na Mpolandi, tulikuwa tukiketi pamoja na kuzungumza Kiingereza kibovu. Siku moja mvua ikanikamata katika kichochoro nyuma ya uwanja wa San Domenico Maggiore, ambako chuo kina jengo lake moja, nami nikaingia katika mlango wa kwanza uliokuwa wazi.

Ulikuwa mkahawa wa meza sita. Meza zilitandikwa karatasi badala ya kitambaa, na juu ya karatasi hiyo hiyo ndiko mwenye mkahawa, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Signora, alikofanya hesabu yako kwa penseli ulipomaliza. Ulifunguliwa saa saba za mchana na kufungwa saa tisa na nusu. Waliokula hapo walikuwa makanika, wauza vitabu wa Port'Alba, karani mmoja wa mahakama na wazee wastaafu ambao wake zao walikuwa wametangulia mbele ya haki. Ukiingia peke yako hupewi meza peke yako. Unakalishwa penye nafasi, hata kama ni mkabala na mtu usiyemjua anayekatakata samaki wake.

Orodha ya vyakula iliyoandikwa haikuwapo. Signora alisimama kando yako akakariri vyakula vya siku ile kwa pumzi moja, na usipoelewa ilikupasa uombe akariri tena mbele ya watu wote. Vyakula vyenyewe vina mpangilio wake. Kwanza huja tambi au supu, kisha samaki au nyama, na mboga huletwa katika sahani yake mbali. Mtu aliyezoea wali, mchuzi na mboga kukutana katika sinia moja hudhani kwamba amesahauliwa. Tena hutozwa kitu kidogo kiitwacho "coperto", ambacho ni ada ya mkate na ya kuketi. Siku ya kwanza nilibishana nacho, nikidai kwamba mkate sikuuagiza. Ubishi wangu uliwafurahisha sana wale wastaafu.

Kosa langu kubwa la siku ile, hata hivyo, halikuwa la senti. Nilimwambia Signora, kwa Kiitaliano cha ufukoni, "Dammi la pasta", kama ninavyoweza kumwambia mtoto wa shangazi yangu: nipe tambi. Hakunikemea. Alinijibu kwa "voi", yaani "nyinyi", na akaendelea kuniita "nyinyi" mlo mzima, ilhali nilikuwa mmoja. Nyinyi mnataka mkate? Nyinyi mmeshiba? Ilikuwa siku ya tatu nilipofahamu kwamba nilikuwa nikifunzwa adabu. Mwalimu wetu wa lugha darasani alikuwa ametuambia kwamba "voi" ya heshima imepitwa na wakati na kwamba mtu mwungwana husema "lei". Kuna kisa hapo. Serikali ya Mussolini ilipiga marufuku "lei" mwaka 1938 na kuamuru watu waseme "voi", na baada ya vita Waitaliano wengi wakaiona "voi" kuwa na harufu ya ufashisti. Lakini watu wa Napoli walikuwa wakisema "voi" kabla Mussolini hajazaliwa, na wazee wao wameendelea kuisema. Kitabu cha darasani hakikuwa na habari nao.

Kiswahili chetu hakiweki heshima katika wingi wa nafsi. Huiweka katika shikamoo, katika mama, mzee, bibi na mwalimu, na katika namna ya kuomba. Nilikuwa na haya yote kichwani, na nilikuwa nimesafiri kwenda kuyachunguza, lakini nilipofungua kinywa mbele ya mtu mzima nilikuwa mtoto wa ufukweni tena. Nimewasimulia wanafunzi wangu kisa hiki mara nyingi, kwa sababu wanadhani kosa katika lugha ya kigeni ni kukosea ngeli.

Neno la pili nililofunzwa na meza ile ni "senza", yaani "bila". Mimi ni Mwislamu, na mapishi ya Napoli hutia nguruwe mahali ambapo macho hayamwoni: kipande kidogo ndani ya supu ya maharagwe, mafuta yake ndani ya donge la unga, soseji iliyofichwa chini ya mboga. Nilijifunza kuuliza kila sahani imepikwaje na ina nini, na ukitaka kujua lugha kwa haraka, msomaji, jiwekee mwiko wa chakula. Mwanafunzi asiyekuwa na mwiko huelekeza kidole tu. Nyama sikula kabisa, kwani haikuchinjwa kwa sharia. Nilikula maharagwe kwa tambi, dengu kwa tambi, viazi kwa tambi, na dagaa wabichi waliokaangwa. Siku ya Ijumaa palikuwa na "baccalà", samaki wa chumvi ambaye ni ndugu wa ng'onda yetu hata kwa harufu. Kabla ya mwezi kwisha Signora alikuwa akiniona mlangoni hupaaza sauti kuelekea jikoni, "Senza!", na hilo likawa ndilo jina langu.

Halafu kuna "friarielli". Ni majani machungu, ya ukoo mmoja na kabeji, yanayokaangwa kwa mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na pilipili. Tonge la kwanza lilinirudisha nyumbani kwa mama yangu, kwenye chungu cha mchunga wa nazi. Karani wa mahakama alinieleza kwamba zamani, kabla tambi hazijawa chakula cha kila siku katika karne ya 17, watu wa Napoli walidhihakiwa kwa kuitwa wala-majani. Alilisema hilo kwa fahari, akachota majani mengine.

Yeye na wenzake hawakuzungumza Kiitaliano walipokuwa wakila. Walizungumza Kinapoli. Vokali za mwisho humezwa, jambo linalomuumiza Mswahili ambaye kila neno lake huisha kwa vokali, na maharagwe ambayo darasani ni "fagioli", mezani pale yalikuwa "fasule". Mwalimu wetu alikiita hicho lahaja na kukunja uso. Lakini Kinapoli si Kiitaliano kilichoharibika. Vyote viwili vimezaliwa na Kilatini, kila kimoja kivyake. Kiitaliano sanifu kimetokana na lahaja ya Firenze, mji mwingine kabisa. Tullio De Mauro, katika kitabu chake cha mwaka 1963, alikadiria kwamba Italia ilipoungana mwaka 1861 ni asilimia 2.5 tu ya watu wake walioijua lugha hiyo iliyoitwa yao. Mwaka 1982 Arrigo Castellani aliona idadi hiyo ni ndogo mno, naye akaipandisha hadi karibu asilimia 10. Hata tukichukua ya Castellani, watu tisa katika kila kumi walikula chakula chao cha mchana kwa lugha nyingine.

Sisi watu wa pwani ya Kenya tunalijua jambo hili. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, chenye hazina ya ushairi wa karne nyingi, kikaachwa nje, tena katika mji wake chenyewe. Sina ugomvi na usanifishaji, ndio unaonilisha. Ninachokataa ni ule wino mwekundu tunaoumwaga juu ya insha ya mtoto wa Kisauni aliyeandika kama nyanyake anavyosema, bila ya kumwambia kwamba hakukosea, ila amebadilisha meza.

Siku moja nilitaka kumweleza Signora kitoweo ni nini. Nilijaribu kwa mifano: kile kinacholiwa pamoja na ugali, au na wali, ambacho bila yake chakula hakishuki. Kamusi yangu haikunisaidia. Alisikiliza, akaufuta mkono kwa aproni, akasema "companatico". Ni neno hilo hilo. Maana yake ni kile kinacholiwa na mkate, na ndani yake mna "pane", mkate, kama ulivyomo ndani ya "compagno", mwandani, yaani mtu mliyekula mkate pamoja. Mimi nilikuwa na shahada mbili za isimu, na etimolojia hiyo nilikuwa nimeisoma. Sikuwahi kuiunganisha na kitoweo mpaka nilipoambiwa na mtu aliyekuwa ameshika upawa.

Sasa nifike nilikokuwa nikielekea. Katika juma langu la pili pale, niliingia nikamkuta fundi mmoja wa mabomba ameshaanza kula. Aliinua uma, akaniambia, "Favorite!" Nikatia mkono mfukoni na kutoa kibali changu cha kuishi nchini.

Msomaji asinicheke kabla hajanisikiliza. Kitenzi "favorire" nilikuwa nimekwisha kukutana nacho mara moja tu, katika kituo cha gari moshi, kinywani mwa askari polisi: "Favorisca i documenti", tafadhali toa hati zako. Mwafrika kijana huko hulisikia neno hilo mapema. Kwa hiyo nililijibu kama nilivyozoea kulijibu. Fundi aliitazama hati, akanitazama mimi, kisha akacheka hadi machozi yakamtoka, na mzee mmoja mstaafu akanifafanulia. Mtu wa kusini anapokuwa anakula, na mwingine akatokea, humwambia "favorite": tafadhali, nanyi pia. Aliyealikwa hujibu "grazie, buon appetito", ahsante, kula kwa raha, akaenda zake. Ni utovu wa adabu kutoalika. Kukubali nako ni utovu wa adabu.

Nilishikwa na furaha ya mtafiti aliyekanyaga dhahabu. Ilikuwa "karibu" yetu na "starehe" yetu, neno kwa neno! Usiku ule niliandika kurasa kumi na moja. Nilimtaja Malinowski, ambaye mwaka 1923 alieleza kwamba kuna maneno ambayo kazi yake si kuleta habari bali kuwafunga watu pamoja, kama salamu na mazungumzo ya hali ya hewa. Nikahitimisha kwamba mwaliko wa alaye, kwa Kiswahili na kwa Kinapoli, ni maneno ya namna hiyo: umbo lake ni la mwaliko, lakini maudhui yake ni matupu. Nilijivunia sana neno lile "matupu".

Mnamo Februari 2009 fedha za ufadhili hazikuja. Ofisi iliyohusika, ambayo sina haja ya kuitaja, ilisema ni suala la siku chache. Siku zikawa majuma, na majuma yakawa miezi miwili kasoro. Kodi ya chumba nilikuwa nimeilipa hadi Mei, alhamdulillahi, lakini mfukoni nilibaki na euro arobaini hivi. Mlo kamili kwa Signora ulikuwa euro nane, na sahani moja ya tambi euro nne. Nilifanya hesabu nikaacha kwenda. Asubuhi nilikunywa chai chumbani, jioni nilichemsha mchele, na mchana nilishinda maktabani nikisoma makala juu ya adabu.

Tatizo ni kwamba njia ya kwenda maktabani ilipita mlangoni pake, na katika siku za jua mlango ule ulikuwa wazi. "Favorite!" walisema wazee kutoka ndani. "Grazie, buon appetito", nilijibu, nikapita. Jibu langu lilikuwa fasaha. Matamshi yangu, naweza kusema, yalikuwa yamekaribia ya mwenyeji. Nililitoa kwa muda wa siku tisa, mchana baada ya mchana, huku harufu ya kitunguu saumu ikinifuata hadi pembeni mwa uwanja, na hakuna hata siku moja nilipokuwa ninasema kweli. Mtu anaweza kufa njaa katikati ya sarufi sahihi. Sisemi kwamba nilikaribia kufa. Nilikuwa na mchele wangu. Lakini nilianza kuona giza nikisimama ghafla, na aya moja niliisoma mara nne.

Siku ya kumi walisema "favorite", nami nikajibu kama kawaida. Mzee mstaafu, yule aliyenifafanulia neno, hakurudia. Alishika kiti chake kwa mikono miwili akasogea, kiti kikakwaruza sakafu, na pakawa na nafasi ya mtu mmoja baina yake na fundi. Hakusema lolote wala hakunitazama. Aliendelea kula.

Hicho ndicho nilichokuwa sikukiona katika kurasa zangu kumi na moja. Kwetu pia ni hivyo, na nilikuwa nimekiona tangu utotoni. Kuna "karibu" ya mtu ambaye mkono wake uko kwenye sinia na magoti yake hayakutikisika. Hiyo ndiyo ile ya kujibiwa starehe. Na kuna "karibu" ya mtu anayejivuta kwenye mkeka. Maneno ni yale yale na sauti yaweza kuwa ile ile, lakini hakuna Mswahili anayezichanganya, na mama yangu alinifinya paja zaidi ya mara moja kwa kuikataa hiyo ya pili. Nilikuwa nimeyanakili maneno nikaacha miili iliyoyasema. Nilikaa.

Kutoka siku hiyo nilikula kila mchana. Baada ya siku chache nilimwomba Signora anikopeshe, na sentensi ile niliifanyia mazoezi njia nzima. Alitoa daftari la shule lenye vipeo vilivyokunjamana, sawa na lile la muuza duka wa mtaani kwetu, akaandika kwa penseli. Niligundua kwamba makanika wawili walikuwa humo pia, na karani wa mahakama alikuwa na ukurasa wake peke yake. Tarehe 6 Aprili, siku ya tetemeko la ardhi la L'Aquila, televisheni iliwashwa wakati wa kula, jambo ambalo halikuwa kawaida, na watu walitazama vifusi bila ya kusema. Siku ile hakuandika deni la mtu yeyote.

Fedha zilipofika katikati ya Aprili nilikwenda kulipa. Nilikuwa nimeweka hesabu yangu mwenyewe: milo thelathini na mmoja. Daftari lake lilikuwa na kumi na tisa. Nikamwambia amekosea, akasema hakukosea. Tulizozana, nami katika mzozo ule nikatumia dhamira tegemezi ya Kiitaliano bila ya kosa kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na mzee mstaafu akapiga makofi. Hatimaye Signora alinieleza, kwa uvumilivu wa mtu anayefundisha mjinga, kwamba siku ambazo niliagiza chakula ameziandika, na siku ambazo nilisogezewa kiti hazimhusu yeye. Wale walionisogezea walikwisha kuzimaliza. Niliwauliza ni nani kati yao aliyelipa. Wakaniuliza kama nimesikia habari za mchezo wa mpira wa Jumapili.

Nilirudi Napoli mwaka 2019 kwa mkutano wa siku tatu. Watalii walikuwa wamejaa katika vichochoro vile kiasi cha kugongana mabega, na mahali pa mkahawa palikuwa na duka la vyakula vya kukaangwa vinavyouzwa katika karatasi, vya kula ukitembea. Kijana aliyekuwa pale alinijibu kwa Kiingereza kizuri. Hakuwahi kumsikia Signora.

Nimekwisha kufundisha miaka mingi sasa katika chuo kikuu hapa nchini, na somo langu la alasiri huanza saa nane. Kila mwalimu anayesoma ukurasa huu anawajua wanafunzi wa saa nane. Tunawaona wakisinzia tukawaita wavivu. Tunajua vilevile kwamba mikopo ya masomo huchelewa, na kwamba kuna wanaopita na chai na andazi moja hadi usiku. Mimi mwenyewe kwa miaka nilikula katika ukumbi wa wahadhiri, nyuma ya mlango ulioandikwa kwamba wanafunzi hawaruhusiwi. Mara kadhaa mwanafunzi alinikuta ofisini nimefungua chakula changu, nikasema "karibu", akajibu "ahsante mwalimu, nimekula", nasi tukaingia katika habari za insha yake. Jibu sahihi, matamshi sahihi. Sikumbuki kwamba nilipata kusogea.

Baada ya darasa lile la msichana wa Lamu nimeacha ule ukumbi. Siku tatu kwa juma nakula katika kibanda kilichoko nje ya lango la chuo, penye mabenchi mawili marefu na mama anayepika chapati na madondo. Wanafunzi walishangaa kwa juma moja, wengine wakahamia kibanda kingine ili wale kwa amani, na siwalaumu. Sura ile ya tasnifu nimeanza kuiandika upya, na nimemwomba yule msichana anisaidie kukusanya mifano, hasa ya mikeka.

Jumatano iliyopita alipita kijana wa mwaka wa kwanza ambaye simjui jina, ameshika daftari kifuani. "Karibu", nikamwambia. "Ahsante mwalimu, nimekula." Nikajivuta hadi kwenye ncha ya benchi. Alisimama pale akaitazama nafasi ile, akamtazama mama wa chapati, kisha akaniuliza kama kweli insha inatakiwa Ijumaa. Nikamwambia ni kweli. Akaketi.